Kuandika Mwanza ya 2055: mambo ya kujua kabla ya kukusanya watu na kuwapa kalamu

Mwambie mtu aandike hadithi ya Mwanza ya mwaka 2055, na ukurasa wa kwanza utajaa magari yanayopaa juu ya Capri Point, maghorofa ya vioo kutoka Kirumba hadi Igoma, na roboti anayepokea mizigo ya abiria stendi ya Nyegezi. Ukurasa wa pili utakuwa mtupu. Mwandishi ameishiwa, kwa sababu hayo yote aliyaona kwenye filamu na hakuna hata moja linalomgusa muuza dagaa wa Mwaloni. Tumeendesha warsha za hadithi za kisayansi kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki wavuvi, na kwenye shule za Kanda ya Ziwa kwa muda wa kutosha kuuzoea huo ukurasa wa pili. Makala hii ni ya mwalimu, kiongozi wa kikundi au mtu wa asasi anayetaka kuifanya kazi hii na asihangaike pale ambapo wengine wamekwisha kuhangaika.

Lengo liwe wazi tangu mwanzo: hatuandiki ili kutabiri. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uingereza, David Collingridge, aliueleza mtego ambao kila teknolojia mpya hutuwekea. Ikiwa bado changa ni rahisi kuigeuza, ila hakuna ajuaye italeta nini. Ikishajulikana inaleta nini, imeota mizizi, na kuing'oa ni gharama kubwa au haiwezekani tena. Hadithi ni njia ya bei nafuu ya kuyaonja hayo matokeo mapema, ungali una la kusema. Wenye fedha wameligundua hilo. Mwaka 2019 Wizara ya Majeshi ya Ufaransa ilitangaza mpango wa kuwatumia waandishi wa hadithi za kisayansi kuwaza hatari za miaka ijayo. Ikiwa jeshi lenye bajeti nono linaona haja hiyo, mwalo wa Kayenze una haja kubwa zaidi, maana huku mambo yakishaharibika hakuna fungu la kuyatengeneza.

Anza na sangara

Kabla ya kwenda 2055, warudishe watu 1955. Zoezi la kwanza liwe la kuandika nyuma, na Ziwa Victoria limetupa mfano ambao sijaona wa kuushinda.

Sangara si samaki wa asili wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na waliompandikiza walikuwa na hoja iliyosikika vizuri: ziwa limejaa furu, samaki wadogo wenye miiba mingi na soko dogo, basi tumweke samaki mkubwa awale hao wadogo, binadamu amle yeye. Sangara anaweza kufikia urefu wa karibu mita 2. Kwa miaka kama ishirini, hakuna kikubwa kilichoonekana kubadilika. Katika miaka ya 1980 akazaliana kwa kasi ya kutisha, na ziwa likawa ziwa jingine.

Wape washiriki hayo tu, kisha uliza: mwaka 1960, ungeandika hadithi ipi ya mwaka 1995? Halafu kaa kimya. Wazee wa mwalo ndio watakaojaza ubao. Watasema furu walitoweka, na ni kweli, mamia ya aina zake zilipungua au kupotea kabisa. Watasema sangara ana mafuta, hakaushiki juani kama furu, lazima abanikwe au akaangwe, na kuni zikakatwa visiwani na vilimani kwa kazi hiyo. Watasema viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, hapa yakabaki mapanki, na mtu aliyekuwa akila samaki mzima akaanza kununua kichwa na mifupa. Mmoja atakumbuka mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya vimelea na sumu, na mvuvi wa kisiwani ambaye hajawahi kuisikia Brussels akakosa mnunuzi. Mwingine atataja bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, lililokuwa likitupwa pamoja na matumbo, na ambalo leo kwa kilo lina bei kuliko nyama yenyewe kwa sababu ya walaji wa China.

Hapo ndipo darasa linapokaa sawa. Watu wanaona kwamba yaliyobadilisha maisha yao hayakuwa mwilini mwa samaki yule. Yalikuwa kwenye kuni, viwanda, ndege, sheria za nchi za mbali na mgawanyo wa kazi kati ya wanaume na wanawake. Tenga dakika 90 kwa zoezi hili na usiliruke hata kama muda unabana. Kikundi kinachoanzia kwenye sangara hakirudi tena kwenye magari yanayopaa.

Siku, mahali na fedha

Warsha ya wavuvi na wachakataji wa dagaa ipangwe kwa kuangalia mwezi angani. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakivutwa na taa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti, vyombo hupumzika kwa muda wa wiki moja au zaidi kidogo, na hapo ndipo wavuvi na akina mama wa kwenye chanja za kuanikia dagaa wanakuwa na nafasi. Ukipanga mwezi ukiwa giza utapata viongozi na vijana wasio na kazi, huku wale wenye maarifa hasa wakiwa wamelala au wanageuza dagaa juani. Ratiba za wafadhili hazijui mwezi. Tetea tarehe zako mapema.

Anza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na uongozi wa kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambacho wenyewe wanakiita BMU. Waeleze kwa sentensi mbili kwamba hakuna anayekuja kukagua nyavu. Usipolisema hilo waziwazi, kila swali utakalouliza kuhusu mwaka 2055 litajibiwa kama swali la mkaguzi.

Watu 12 hadi 16 wanatosha, katika makundi ya wanne wanne. Zaidi ya hapo wanyonge hawasemi. Kila kundi liwe mchanganyiko: mvuvi, mchakataji au mchuuzi, mtu wa ufundi (fundi simu, fundi mashine ya boti au fundi sola) na kijana wa sekondari. Usimwache fundi. Ndiye pekee anayejua kitu kinaharibika vipi, na bila yeye mashine zote za kwenye hadithi zitakuwa hazichakai. Wanawake kwa wanaume wagawane viti sawa, ila kwa siku ya kwanza tungeshauri kundi moja liwe la wanawake watupu. Yanayosemwa mle huwa tofauti, nayo yakisomwa mbele ya wote yanapata uzito.

Vifaa ni vichache: bango kitita moja, maka peni za rangi tatu, selotepu, daftari kwa kila mtu, simu mbili za kurekodia na chaja ya ziada. Ukikaa nje, kusanya mawe ya kukandamizia karatasi. Upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana na hauna huruma na karatasi wala na sauti ya kurekodi, hivyo anayerekodi akae ndani au aupe upepo mgongo. Fedha nyingi hazitaenda kwenye vifaa. Zitaenda kwenye nauli, chakula na posho, na posho iseme kiasi chake tangu mwaliko. Mama aliyeacha biashara yake kuja kuwaza mwaka 2055 anapoteza kipato cha leo. Kumlipa ni haki yake, wala haiwi sababu ya kudhani anayoyasema ameyasema kwa ajili ya pesa.

Teknolojia moja, mwaka mmoja

Chagua kitu kimoja. Somo la "teknolojia na jamii" kwa ujumla wake halizai hadithi hata moja. Kitu hicho kiwe kimeanza kuonekana huku, kiwe na watakaonufaika na watakaoumia, na kiwe bado hakijakamilika, yaani kuna uamuzi fulani haujafanywa. Vizimba vya kufugia samaki vinafaa. Taa za sola zilizochukua nafasi ya karabai zinafaa. Akili mnemba inayokadiria bei ya samaki kwa picha ya simu inafaa kwa kikundi cha vijana.

Sisi tunapenda kuanza na droni, kwa sababu zina historia hapahapa. Mwaka 2018 kampuni za DHL na Wingcopter pamoja na shirika la Ujerumani la GIZ zilifanya jaribio la miezi 6 la kupeleka dawa Ukerewe kwa droni inayopaa wima na kisha kuruka kama ndege. Umbali wa kilomita 60 juu ya maji ulichukua wastani wa dakika 40. Kwa barabara, safari ni ya kilomita 240 hivi na saa 6. Kwa kuwa jambo lilishafanyika, hakuna anayebisha kwamba linawezekana, na mjadala unaruka moja kwa moja kwenye swali la maana: likiwa la kila siku, je?

Mwaka uwe wa miaka 30 mbele. Ukiweka miaka 5, watu wanaandika andiko la mradi, lenye malengo na viashiria. Ukiweka miaka 200, wanahamia mwezini na hakuna anayewajibika kwa lolote. Miaka 30 inamfanya mtoto wa darasa la pili awe mzazi, na mzazi wa leo awe bibi anayeketi barazani.

Hapa jiandae, maana kuna kitu kinachotokea karibu kila mara na vitabu vya mbinu havikisemi. Mzee atasema, "Mwaka huo mimi nitakuwa chini." Kicheko kitapita, kisha ukimya. Usiujaze ukimya huo kwa maneno ya kutia moyo. Mpe dakika zake, halafu mwombe aandike akiwa mjukuu wake: anaamka wapi, anakula nini, anamkumbuka babu kwa lipi. Baadhi ya hadithi zenye nguvu tulizosikia zilianzia hapo. Vilevile, hadithi ikigusa kivuko au meli, kumbuka upo wapi. MV Bukoba ilizama Mei 1996, MV Nyerere ikapinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, na katika kila ajali mamia ya watu walikufa. Ndani ya chumba chako huenda yupo aliyezika mtu. Mruhusu kutoka, na asilazimishwe kusoma alichoandika.

Gurudumu la matokeo

Zana yetu kuu ilibuniwa na Mmarekani Jerome Glenn mwaka 1971, na haihitaji umeme. Katikati ya karatasi chora duara na uandike badiliko kwa sentensi kamili: "Droni zinapeleka dawa visiwani kila siku." Usiandike "droni" peke yake, kwa sababu neno moja halina matokeo. Kuzunguka duara hilo weka matokeo ya moja kwa moja, manne au matano. Kutoka kila tokeo toa mengine mawili au matatu, kwa rangi nyingine. Kisha pete ya tatu, rangi ya tatu. Pete ya kwanza ipewe dakika 10, ya pili 15, ya tatu 30. Makundi mengi hutaka kufanya kinyume, yatumie saa nzima kwenye pete ya kwanza kwa sababu ndiyo rahisi. Simamia saa.

Pete ya kwanza huwa ile ile kila mahali: dawa inafika haraka, boti iliyokuwa ikibeba dawa inakosa kazi, sampuli za damu zinarudi maabara siku hiyohiyo. Yote ni kweli, na yote yangeweza kuandikwa na mwenye kampuni.

Pete ya pili inaanza kunuka samaki. Kwa kuwa dawa inafika kwa dakika 40, mhasibu wa mahali fulani anauliza kwa nini kisiwa kinahifadhi dawa za miezi mitatu, akiba inapunguzwa. Kijana wa kisiwani anajifunza kutunza betri na anakuwa mtu mkubwa. Droni inapita juu ya maji kila saa, nayo ina kamera ya kuisaidia kutua.

Pete ya tatu ndiyo yenye hadithi. Siku tatu za dhoruba, droni haziruki, na rafu ni tupu kwa sababu akiba ilifutwa enzi ya mafanikio. Au hivi: ile kamera ya kutua imeona kokoro, wavu uliopigwa marufuku, picha zimefika kwa watu wa doria, wavuvi wamekamatwa, na kuanzia hapo kila mtu anaamini ndege ya dawa ni ndege ya polisi. Vijana wanaitungua kwa manati. Mtoto anakosa chanjo kwa sababu ya nyavu za baba wa mtoto mwingine. Huo mnyororo haukuhitaji roboti mwasi wala vita vya sayari. Ulihitaji kifaa kilichokubaliwa kwa kazi moja kikapewa ya pili bila watu kuulizwa. Na swali linalotoka hapo linaweza kuulizwa leo, kwenye mkutano wa kijiji: picha za kamera hiyo anabaki nazo nani?

Kipimo cha kujua kama umefika pete ya tatu ni hiki. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Kwamba litafupisha safari kila mtu aliliona tangu nguzo ya kwanza. Hiyo ni pete ya kwanza. Mama aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga kwa abiria wa kwenye foleni ya kivuko, foleni ikiisha anahamia wapi, na mtaji wake anaukopa kwa nani? Ukiwa na mtu, biashara yake na jambo linalomlazimisha aamue, umefika. Ukiwa na neno "maendeleo" au "uharibifu wa mazingira," bado.

Kundi likikwama upande mmoja, kila kitu kizuri au kila kitu kibaya, tumia sura nne za wakati ujao alizozipanga Jim Dator wa Chuo Kikuu cha Hawaii: mambo yanaendelea kukua kama sasa, yanaporomoka, yanabanwa kwa nidhamu kali, au yanageuka kabisa yawe kitu kingine. Mpe kila mmoja wa wanne sura yake kwa kura. Inasaidia hasa kwa vijana, ambao huamini wakati ujao ni ama Dubai ama kiama. Sura ya nidhamu ndiyo inayotoa mazungumzo makali zaidi huku, kwa sababu watu wameshaona nyavu zikichomwa na wanajua nidhamu ina sura gani ikifika mwaloni.

Kutoka pete hadi hadithi

Sheria ya kwanza ya kuandika: kitu kipya kimoja tu. Vingine vyote vibaki vya kawaida. Mwaka 2055 watu bado watasonga ugali, watagombana na mashemeji na kudaiana. Msomaji akilazimika kujifunza vitu vitano vipya kwa ukurasa mmoja, hamwoni tena binadamu.

Ya pili: kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi ajibu kwa maandishi maswali haya kuhusu kifaa chake. Kikiharibika, kinatengenezwa na nani na vipuri vinatoka wapi? Kinakula nini: umeme, bando, betri, mafuta? Nani analipa, na asipolipa kinafanya nini? Nani hakimhusu kabisa, hata ajitahidi? Na la mwisho, ambalo Watanzania hulijibu vizuri kuliko watu wengi: nani atakitumia kutapeli? M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, hotuba zilihusu kutuma pesa kijijini. Ile meseji ya "hela yenyewe tuma kwenye namba hii" haikuwamo kwenye hotuba yoyote, na leo hakuna mwenye simu asiyeijua. Kila teknolojia ina meseji yake. Mwandishi aitafute.

Ya tatu: siku moja, mahali pamoja, maneno 600 hadi 900. Hakuna historia ya miaka 30 mwanzoni. Kifaa kionekane mkononi au kwa kukosekana kwake, wala kisielezwe. Hivi ndivyo aya inavyoweza kuanza, kutoka kwenye ile rafu tupu:

"Siku ya pili ya upepo, watu walianza kupita uani kwa bibi, mmoja mmoja, wakijifanya wanaulizia kuku. Hakuna aliyetaja dawa. Bibi aliuliza swali lake lile lile: mtoto ana umri gani, anaharisha tangu lini? Kisha akaingia ndani, akavuta sanduku la bati chini ya kitanda, na kurudi na vipaketi viwili vya chumvi ya maji vilivyokwisha muda wake mwaka jana. Bei alikuwa haitaji. Mtu alikuwa anaacha alichonacho juu ya kinu. Kule zahanati, kioo cha ukutani kilikuwa bado kinasema dawa itafika baada ya dakika 40."

Hakuna ufafanuzi wa droni humo, na mtu wa Ukara hapati shida kuielewa aya hiyo. Mwandishi akishaandika hivyo, mwulize bibi alijuaje kuweka akiba. Jibu lake ni hadithi ya pili.

Wasioandika wasimulie kwenye simu. Hawa mara nyingi ndio mafundi wa kweli wa kusimulia, na warsha inayodai maandishi inawapoteza wote. Omba ridhaa kabla ya kubonyeza kitufe, ridhaa hiyo nayo irekodiwe, na eleza sauti itakaa wapi na nani ataisikia. Kuinakili sauti ya dakika 10 kunachukua kama saa nzima kwa mtu mwenye mazoea. Panga bajeti ya kazi hiyo, maana hapo ndipo warsha nyingi hufia. Neno la Kisukuma, Kikerewe au Kijita likija, libaki. Hadithi ya mwaloni iliyosafishwa iwe Kiswahili cha taarifa ya habari hupoteza nusu ya anayoyajua msimulizi.

Yanayoharibika

Lugha ya miradi ndiyo adui wa kwanza. Watu waliohudhuria semina nyingi wataandika "jamii ilihamasishwa na kupewa elimu." Kila unapoiona sentensi ya namna hiyo, uliza: nani alisema nini, akiwa amesimama wapi? Ikibidi, piga marufuku maneno jamii, wadau na changamoto kwa siku nzima. Inaudhi kwa saa moja, halafu watu wanaanza kuandika.

La pili ni mahubiri. Hadithi inamalizika kijana mtukutu akijuta na kijiji kikifurahi. Dawa yake ni kumpa kila mhusika hoja yake kwa uaminifu. Mtu wa doria aliyetumia picha za droni naye anaona ziwa linakwisha samaki, na ana haki ya kusema hivyo vizuri, kwa maneno yenye nguvu. Hadithi ambayo msomaji anajua mwovu ni nani tangu mstari wa tatu haimfundishi kuchagua.

La tatu ni hofu. Wengine hawatasema lolote linaloonekana kumgusa kiongozi. Mwaka 2055 husaidia, kwa sababu kiongozi wa mwaka huo hajulikani na pengine bado hajazaliwa, lakini usitegemee hilo peke yake. Hadithi zisiwe na majina ya watu walio hai wala ya kampuni za hapa, na mwandishi awe na ruhusa ya kutoweka jina lake. Ukiahidi kuficha jina, timiza hata kwa mfadhili anayetaka orodha.

Kuna pia uganga na imani. Mtu ataandika kwamba droni ilianguka kwa sababu ya mtu fulani wa ng'ambo ya pili. Wawezeshaji kutoka mjini hukimbilia kusahihisha, nami nawaomba wasifanye hivyo. Watu wataendelea kutafuta nani amesababisha, hata mbele ya mashine mpya, na hadithi inayolionyesha hilo ni ya kweli zaidi kuliko ile inayodhani kila mtu atakuwa mhandisi. Uliza tu swali la kawaida: baada ya kuanguka, nani aliokota betri?

Baada ya kusoma

Hadithi zisomwe kwa sauti, jioni, mbele ya watu ambao hawakuwepo kwenye warsha. Baada ya kila moja usiulize kama imependeza. Uliza mambo matatu: nani katika hadithi hii angeweza kuamua tofauti, aliamua mwaka gani, na sisi leo tuko wapi kabla ya mwaka huo? Andika majibu kwenye bango mbele ya wote. Kutoka hapo yatatoka maswali machache yanayoulizika, kwa mfano: akiba ya dawa visiwani isishuke chini ya kiasi gani hata usafiri ukiwa wa haraka? Picha za angani zikipigwa juu ya mwalo, kijiji kinaarifiwa? Betri zilizochoka za taa za kuvulia zinapelekwa wapi, na nani anagharamia boti ya kuzipeleka?

Maswali hayo yachapwe ukurasa mmoja, hadithi moja fupi ikiwa imeambatanishwa nyuma, yapelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa afisa uvuvi na kwa diwani. Usipeleke kitabu kizima. Diwani atausoma ukurasa mmoja akiwa kwenye gari, na akikuta hadithi ya bibi na sanduku lake la bati ataigeuza upande wa pili. Mpelekaji awe mwandishi mwenyewe au mtu wa kijiji, mwezeshaji abaki nyuma.

Nakala zote ziandikwe tarehe na mahali. Moja ibaki kwenye shule ya msingi ya hapo, nyingine ofisi ya kijiji, na wasimulizi wasiosoma warudishiwe sauti zao kwenye simu zao, kwa kadi ya kumbukumbu badala ya kiungo cha intaneti, kwa sababu bando la kupakua sauti ya dakika 20 ni pesa ya mboga. Baada ya miaka mitano rudini kuzisoma. Wekeni alama pembeni pale ambapo pete ya pili imekwisha kutokea, na muanze gurudumu jipya kutoka hapo.